Piano imefika, jina la mtumaji halipo: mimi ningeirudisha



Ile picha mnaijua. Meza ya hoteli, sahani mbili, glasi mbili, na pembeni kabisa mkono wa mwanaume wenye saa. Sura imekatwa. Chini dada kaandika ahsante kwa zawadi na kikopa kimoja. Hapo hapo komenti zinaanza kumiminika: ni yule msanii, wapi ni yule mchezaji, nyie hamjui kitu ni mume wa mtu. Mwenye picha kakausha. Mwenye mkono kakausha zaidi. Leo simtaji mtu, maana kila nikitafuta mfano mmoja wananijia watano.

Nataka tuongelee picha kama hiyo hiyo, ila ya miaka mia mbili iliyopita, kijiji kimoja Uingereza, na badala ya mkono wenye saa kuna piano.

Najua wengi wenu mmeingia kwenye mambo ya magauni marefu na madansi ya Kiingereza kwa sababu ya Bridgerton. Hata mimi. Kwenye msimu wa tatu ule wa 2024 kuna yule binti mkimya Francesca, yeye na piano, piano na yeye, halafu anatokea John, naye hana maneno, ila anaenda kumwandikia muziki kwa namna nyingine na kumletea kwenye karatasi. Mitandaoni watu walilia. Mimi nililia. Nikasema ngoja nitafute kitabu cha zamani chenye watu wawili wapenda muziki, nilie vizuri zaidi. Ndipo nikaangukia Emma ya Jane Austen. Ni bure kabisa kwenye simu maana hakimiliki ilishaisha zamani. Kiingereza changu ni cha fomu foo na cha kuungaunga, kitabu kilinichukua karibu miezi miwili, lakini nilikimaliza, na kulia sikulia. Nilikasirika.

Kwanza niwaweke sawa kidogo. Hicho kipindi Waingereza wanakiita Regency. Ni 1811 mpaka 1820. Mfalme George III alikuwa amechanganyikiwa akili, hawezi kutawala, mwanaye akakaimu. Yaani walikuwa na kaimu mfalme kwa miaka tisa! Na huyo kaimu alikuwa mtu wa bata, madeni, wanawake na muziki. Alikuwa anapiga selo, lile zeze kubwa linaloshikiliwa katikati ya magoti. Jane Austen hakumpenda hata kidogo kwa jinsi alivyomtendea mke wake, lakini kaimu alikuwa shabiki wa vitabu vyake, mkutubi wake akamdokeza dada wa watu kwamba kitabu kijacho anaweza kukiandika kwa heshima ya mkuu. Dokezo la ikulu unalikataaje? Kwa hiyo Emma ilipotoka Desemba 1815, mwanzoni kabisa kuna heshima kwa mtu ambaye mwandishi hamuwezi. Ubuyu wa kwanza huo, nimewapa bure.

Na Austen mwenyewe alikuwa mtu wa muziki. Alikuwa anaamka mapema anapiga piano kabla ya wengine hawajapata chai, na nyimbo alizozipenda alizinakili kwa mkono kwenye vitabu, nota moja moja. Vitabu hivyo vipo mpaka leo. Kwa hiyo akiandika kuhusu wapenzi na piano, anajua anachokisema.

Sasa stori. Kuna binti anaitwa Jane Fairfax. Yatima. Baba alikuwa mwanajeshi, akafa vitani, pesa aliyoacha haitoshi kitu. Kalelewa na familia ya rafiki wa baba yake, Kanali Campbell, kasomeshwa vizuri, anapiga piano na kuimba kuliko kila mtu kwenye kitabu. Lakini hana hela. Akifika miaka 21 mpango ni aende kuwa mwalimu wa watoto kwenye nyumba za matajiri, kazi ambayo unakaa kwa watu, siyo mtumishi hasa na siyo familia, mshahara wa kukutia aibu. Jane mwenyewe anaiongelea hiyo kazi kama mtu anayeenda kuuzwa sokoni.

Halafu kuna jamaa, Frank Churchill, miaka 23. Mzuri, anacheka, anajua kuongea, anaimba. Kalelewa na mjomba tajiri na mke wa mjomba, na huyo mama ndiye mwenye nyumba kwelikweli. Akikohoa, watu wanaitwa. Akichukia, urithi unapeperuka.

Wawili hawa wanakutana Weymouth, mji wa pwani watu walipokuwa wanaenda kupunga upepo. Wanaimba pamoja. Wanacheza dansi pamoja. Na mwezi wa kumi wanachumbiana kwa siri. Mama tajiri akijua, Frank hapati kitu, na Jane hana kitu tayari, kwa hiyo kimya kimya.

Mpaka hapa niko nao. Nani hajawahi kupenda kimya kimya?

Na lazima muelewe muziki ulikuwa na maana gani pale. Hakuna redio, hakuna spika, hakuna simu. Ukitaka wimbo sebuleni, lazima mtu wa nyama na damu akae apige. Binti anayejua piano ndiye spika ya mtaa mzima. Na kijana na binti hawaruhusiwi kukaa peke yao, hawaruhusiwi hata kuandikiana barua kama hawajachumbiana. Lakini piano inaruhusiwa. Binti anapiga, kijana anasimama pembeni anamgeuzia kurasa. Fikiria hiyo kazi: usimame karibu naye kabisa, uangalie macho yake yamefika mstari gani, unyooshe mkono mbele yake, ugeuze, urudi ulipokuwa. Mbele ya mama mkwe! Na kila mtu anaona ni adabu. Kwa lugha yetu hiyo ilikuwa ndiyo siti ya nyuma ya daladala usiku.

Kwa hiyo wapenzi wawili wanaopenda muziki kwenye enzi ile walikuwa na bahati kuliko wengine. Walikuwa na mahali pa kuwa karibu ambapo hakuna anayeweza kuwauliza kitu.

Basi Jane anakwenda kukaa kijijini Highbury kwa bibi yake na shangazi yake, wanawake wawili maskini waliopanga vyumba vya juu, ngazi nyembamba, sebule ndogo. Frank naye anakuja Highbury, kwa sababu baba yake mzazi anaishi hapo na kaoa karibuni. Kila mtu anadhani kaja kumsalimia mama wa kambo. Akikutana na Jane mbele za watu wanasalimiana kama watu waliowahi kuonana mara mbili msibani.

Siku moja Frank anasema anaenda London kunyoa nywele. London! Maili 16 kwenda, maili 16 kurudi, kwa ajili ya nywele. Kijiji kizima kinamcheka, eti mtoto wa kishua. Anarudi amenyolewa kweli, anajicheka na yeye. Na muda si mrefu kwenye ile nyumba ndogo ya ngazi nyembamba linapokelewa piano. Jipya. La Broadwood. Kwa wasiojua, Broadwood wa London ndio walikuwa wenyewe. Ndio kampuni iliyompelekea Beethoven piano mpaka Vienna kama zawadi, ikasafirishwa mwishoni mwa 1817. Sasa piano ya jina hilo imetua kwa bibi asiye na hela ya kuni.

Kadi hakuna. Jina hakuna.

Hapa wenzangu wengi mnasema awww. Nimewasoma kwenye kurasa za mashabiki wa Austen, kuna watu wanaiita zawadi tamu kuliko zote kwenye vitabu vyake. Jamaa kaenda safari nzima kwa uongo wa nywele ili mpenzi wake apate kupiga muziki. Na kusema ukweli ni tamu. Anamjua. Anajua kwamba binti huyu kukaa miezi bila piano ni kama kufungiwa pumzi. Hakumletea kitambaa wala cheni, kamletea kitu ambacho ndicho yeye.

Lakini tukae chini kidogo tuhesabu.

Piano siyo pete kwamba utaificha kwenye droo. Ni bonge la kitu. Limepita barabarani, wabebaji wamelihangaikia ngazini, majirani wamechungulia. Kufikia jioni ya pili kuna karamu kwa akina Cole na mada ya kwanza mezani ni piano ya Jane. Nani katuma? Wenye roho safi wanasema ni Kanali Campbell. Sawa. Ila Emma, yule binti tajiri wa kijiji ambaye kitabu kina jina lake, miaka 20, hana kazi, umbea umemjaa, anakuja na yake: huyo siyo Kanali, huyo ni Dixon, mume wa binti wa Kanali! Yaani mume wa rafiki yake kipenzi Jane, aliyekua naye kama dada. Eti Dixon aliwahi kumwokoa Jane asitumbukie baharini, basi lazima kuna kitu.

Na anamwambia nani hiyo nadharia? Frank. Mwenye piano. Na Frank anafanyaje? Anacheka. Anaitikia. Anasema eh, inawezekana kabisa, umenifungua macho.

Yaani jamaa kakaa pale anasikia mchumba wake akipakaziwa kutembea na mume wa mtu, kwa sababu ya zawadi aliyotuma yeye mwenyewe, na badala ya kuzima anaongeza kuni. Kwa nini? Kwa sababu inamsaidia. Wakimwangalia Dixon, hawamwangalii yeye. Baadaye wakiwa kwenye mchezo wa kupanga herufi anafika mpaka kumwekea Jane mbele yake neno Dixon, kama utani. Binti kachukia mpaka uso umebadilika. Wengine wanacheka bila kujua wanacheka nini.

Hapo ndipo niliweka simu chini nikaenda kuosha vyombo.

Kuna watu wataniambia, we mdada, huelewi enzi ile. Angeweka jina lake ingekuwa ni kutangaza uchumba, maana kijana hampi binti zawadi ya bei hiyo hivi hivi. Ndiyo, naelewa, na ndiyo hoja yangu. Kama huwezi kuweka jina, usitume piano. Tuma kitu ambacho asiulizwe. Frank mwenyewe baadaye kwenye barua yake ndefu ya kujitetea anakiri kwamba Jane hakuwa na habari, na kwamba angejua asingekubali. Alijua hatakubali! Ndiyo maana hakumuuliza. Sasa hiyo zawadi ilikuwa ya nani?

Siri ilikuwa ya wawili, ila angalia bili alikuwa analipa nani. Jane kila asubuhi anaenda mwenyewe posta kuchukua barua, mvua inanyesha, afya yake mbovu, wakubwa wanamshambulia kwamba atumie mtumishi, na yeye anabuni visingizio. Hawezi kumtuma mtu maana mwandiko wa Frank utajulikana. Na hapa niwape kitu ambacho mimi kilinimaliza kabisa: enzi zile, mpaka 1840, barua Uingereza kwa kawaida ilikuwa inalipiwa na anayepokea, siyo anayetuma. Umeelewa? Tajiri anaandika, maskini analipa. Kila neno tamu la Frank lilimkuta Jane na vihela vyake mkononi pale dirishani.

Sasa nisije nikaonekana namchukia tu. Kuna sehemu moja nimeirudia kama mara nne.

Emma na wenzake wanapanda ngazi kwenda kuisikiliza hiyo piano mpya. Wanakuta sebule imetulia. Bibi kasinzia kwenye kiti. Frank ameinama anarekebisha ribiti ya miwani ya bibi, yuko bize kweli. Jane kasimama kwenye piano kawapa mgongo. Frank anaeleza, bila kuulizwa sana, kwamba alikuwa anamsaidia binti kuweka piano sawa, sakafu imeinama kidogo, ilikuwa inayumba, kwa hiyo wamekunja karatasi wakaisukumia chini ya mguu mmoja.

Austen hasemi kitu zaidi. Lakini wewe ukirudi kusoma mara ya pili, ukishajua, unawaona. Wawili hawa wana sijui dakika ngapi, bibi kalala, na wametumia dakika hizo kuchuchumaa chini pamoja kukunja karatasi kwa ajili ya mguu wa piano. Halafu Jane anakaa anapiga, mwanzoni mikono haijatulia. Frank anamuomba mojawapo ya waltz walizocheza jana usiku, mbele za watu, kwa sauti ya kawaida. Anapiga. Frank anasema wimbo huo ulichezwa Weymouth, kisha anaanza kuongea kuhusu mtumaji, eti mtu aliyetuma hii na nota zake lazima alifanya kwa upendo wa kweli. Emma anadhani anamchokoza kuhusu Dixon. Jane kainamisha uso, kaiva, lakini anatabasamu. Yeye peke yake ndiye anayeambiwa.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya mapenzi yao na nawapa maksi zote. Kwenye muziki hawakuwa na uongo. Hata kwa akina Cole walipoimba pamoja, watu waliona tu kwamba sauti zao zinaelewana. Frank alikuwa anataka waendelee, wimbo mwingine, na mwingine, mpaka sauti ya Jane ikaanza kukwaruza. Na hapo hapo, kwenye utamu wenyewe, unaona tatizo lake. Alikuwa anaufurahia wimbo, koo la mwenzake hakulisikia. Aliyelisikia alikuwa Knightley, mwanaume wa miaka 37 aliyekaa pembeni, ndiye aliyesema jamani muacheni apumzike.

Na huyo Knightley, usiku huo huo, alikuwa ametoa gari lake la farasi kuwabeba Jane na shangazi yake kwenda na kurudi, kwa sababu ni baridi na Jane alikuwa anaumwa umwa. Hakumtangazia mtu. Na hakuwa anamtaka Jane, alikuwa anampenda Emma kimoyomoyo. Aliwaza tu wale wanawake watafikaje nyumbani. Usafiri wa kurudi! Kati ya piano na usafiri wa kurudi, wanawake wa mjini tunajua kipi kinakuja na mtu mwenye akili. Knightley anasema baadaye kwamba ile piano ilikuwa kazi ya mtoto, mtu ambaye hajajiuliza kama usumbufu utazidi raha.

Nina sababu ya kukazania hii, nitaisema haraka haraka.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa na mtu. Anapiga gitaa kwenye bendi, bendi siitaji, baa siitaji. Tulikutana kwa sababu ya wimbo wa zamani ambao mimi nilijua mashairi yote na yeye alijua gitaa lote, na kwa miezi minane tuliishi kwenye huo wimbo. Lakini jukwaani mimi nilikuwa "dada wa kikundi". Eti mashabiki wa kike wakijua ana mtu watapungua, na anayewalipa atachukia. Nilielewa. Mimi ni muelewa sana, hilo ndilo tatizo langu. Nimewahi kukaa meza ya mbele namwangalia mdada anamtunza kwa kumfuta jasho na leso, na mimi napiga makofi. Birthdei yangu akaninunulia simu, simu nzuri hasa, akasema nyumbani nisiseme. Mama akauliza umeitoa wapi. Nikasema nimeshinda promosheni. Mama yangu maskini wa Mungu, wiki nzima kila jioni ananiambia na mimi nisaidie kutuma meseji kwenye hiyo promosheni.

Nilicheka wakati ule. Ila usiku nililala na simu ya laki kadhaa kifuani na sikuwa na mtu mmoja wa kumwambia nimependwa.

Kwa hiyo nikifika Box Hill kwenye kitabu, mwili unanisisimka. Ni pikiniki. Siku moja kabla Frank na Jane wamegombana njiani, jua kali, Jane kachoka, hataki aonekane naye. Pikiniki inaanza, Frank anaamua kumkomoa. Anamganda Emma, anamsifia, anacheka kwa sauti, ananadi kwamba Emma ndiye malkia wa hapo, na Jane yuko mita chache tu, kimya, kama mimi na makofi yangu. Halafu anatupa dongo la jumla jumla kuhusu watu wanaokutana kwenye miji ya starehe wakachumbiana haraka wakaja kujuta. Kila mtu anadhani anasema wanandoa fulani pale. Jane anamjibu kwa utulivu kwamba ni watu dhaifu tu watakaoacha kosa kama hilo liwafunge maisha yao yote.

Jioni hiyo hiyo akakubali ile kazi ya kwenda kulea watoto wa watu. Akaandika barua kuvunja uchumba. Hakupiga kelele, hakuposti, hakutuma jumbe za mafumbo. Barua moja.

Na Frank? Alijibu. Siku hiyo hiyo alijibu, anasema. Kisha akaifungia barua kwenye meza yake ya kuandikia akasahau kuituma, maana mama tajiri alikuwa amekufa ghafla na nyumba imevurugika. Jane anasubiri. Siku zinapita. Kimya. Akakusanya barua zake zote, akafunga mzigo, akamrudishia. Nyie mnaolalamika kuhusu tiki mbili za bluu, muoneni mwenzenu.

Lakini kilichonivunja ni kidogo kuliko hicho. Shangazi anasimulia, kwa umbea wake usio na ubaya, kwamba Jane alipokuwa anajiandaa kuondoka aliongea na piano. Aliiambia lazima waachane, haina kazi tena pale. Halafu akasema basi ikae kwanza mpaka Kanali Campbell arudi, ataongea naye kuhusu itakavyokuwa. Mnaona? Hata pale. Kavunja uchumba, anaondoka, moyo umepasuka, na bado analinda uongo wa Kanali kwa ajili ya mtu ambaye hata barua hajatuma.

Mwishoni inaisha vizuri, ni kitabu cha kuchekesha jamani, msiogope. Mama kafa, mjomba mpole kakubali, Frank kaja mbio, Jane kasamehe, harusi inapangwa. Frank anamnong'oneza Emma kwamba vito vyote vya marehemu vitatengenezwa upya, vingine vikae kichwani kwa Jane kwenye nywele zake nyeusi. Ameshaanza tena na zawadi! Angalau hizi zina jina.

Kuna wanaosema Jane alikosea kumsamehe. Mimi siendi huko. Alimpenda, waliimba vizuri, na mbadala wake ulikuwa chumba cha juu kwenye nyumba ya watu. Yeye mwenyewe alijilaumu kwa ile siri kuliko alivyomlaumu Frank, jambo linaloniuma, lakini ni lake. Ninachokataa ni sisi tuliokaa huku nje kuigeuza ile piano kuwa kielelezo cha mapenzi, tukaweka picha na vikopa. Ile piano ilimletea binti kesi kijiji kizima, na mtumaji alikuwa mstari wa mbele kwenye umbea.

Najua swali linalokuja kwenye komenti: wewe simu uliirudisha? Sikuirudisha. Mtu niliachana naye, simu ninayo, kioo kimepasuka pembeni, na ndiyo niliyosomea Emma miezi yote miwili, na ndiyo ninayoandikia sasa hivi. Kwa hiyo kile kichwa cha habari pale juu kichukulieni kama nia njema tu.

Na mama, kama kuna mtu kakuonyesha hii: hakukuwa na promosheni.